Kisichopimwa kwenye Mzani: Sumu Iliyojificha Ndani ya Friji na TV Mbovu za Mbagala

Sauti ndiyo hutangulia. Kipaza sauti kidogo kimefungwa kwa mpira kwenye usukani wa guta, na maneno yaliyorekodiwa yanajirudia tangu asubuhi katika vichochoro vya Charambe, Kizuiani na Zakhem: "Friji bovu, TV mbovu, betri mbovu, pasi mbovu, chuma chakavu tunanunua!" Mama anatoka mlangoni na kumpungia kijana mkono. Friji lake limegoma siku nyingi, amelifanya kabati la sahani.

"Shikamoo mama. Mota ipo?"

"Marahaba mwanangu. Mota ipo, ila gesi nadhani ilishaisha."

"Gesi si kitu, mama. Mota ndiyo mali."

Kwa maneno hayo au yanayokaribiana nayo, biashara hii inafanyika Mbagala kila siku ya Mungu. Na kijana hakudanganya. Mota, yaani kompresa, ina shaba tumboni mwake, na shaba ina bei. Gesi haipandi mzanini. Ukitaka kuielewa hatari ya kufumua vyombo vya zamani vya nyumbani, shika jibu lake hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu iliyomo ndani ya friji, TV, friza na kiyoyozi imekaa katika vitu ambavyo mzani hauvijui. Chenye bei kinatunzwa. Kisicho na bei kinamwagwa, kinavunjwa au kinatiwa moto. Hadi pale hesabu hiyo itakapobadilika, mabango ya tahadhari na glovu za msaada vitasaidia kidogo tu.

Friji linavyofumuliwa

Tulifuate friji la mama hadi yadi, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa. Yadi yenyewe ni uwanja wa mchanga uliozungushiwa mabati, mzani ukining'inia kwenye boriti. Vifaa ni nyundo, patasi, koleo na msumeno wa chuma. Friji linalazwa kifudifudi. Kijana anashika mrija mwembamba wa shaba unaoingia kwenye kompresa, anaukata kwa koleo. "Fyuuu," sekunde chache, kimya. Hakuna moshi, rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Kisha mafuta yanachuruzika, ya rangi ya chai, yananyonywa na mchanga. Kompresa inawekwa upande wake, wavu wa nyuma upande wake, bati la ubavuni linabanduliwa. Lile povu gumu la manjano lililojaa katikati ya kuta linang'olewa kwa mikono na kutupwa pembeni. Jioni litawashiwa moto ili kupunguza uchafu.

Ile "fyuuu" ilikuwa nini? Inategemea umri wa friji. Mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalijazwa gesi ya R-12, mojawapo ya klorofluorokaboni zinazokula tabaka la ozoni. Kilo moja ya R-12 ikiachiwa huongeza joto la dunia, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na zaidi ya tani 10 za hewa ukaa. Dunia ilikubaliana kuziacha gesi hizi kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Tanzania ilijiunga mwaka 1993, na kufikia 2010 hata nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana nazo. Lakini mkataba hauingii jikoni kwa mtu kulitoa friji lake. Kwetu friji halifi upesi. Linabadilishwa mota, linajazwa gesi, linapakwa rangi, linarithiwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika mafriji ya enzi hizo, gesi iliyo nyingi zaidi haikuwa kwenye mirija. Ilikuwa ndani ya lile povu la manjano. Viwanda viliumua povu kwa kutumia gesi ya R-11, ndugu wa R-12, ikabaki imenaswa kwenye vitundu vyake kwa miaka na miaka. Kila povu linapopondwa, sehemu ya gesi hiyo inatoka. Likichomwa ni balaa jingine, kwani povu la aina hiyo likiungua hutoa sianidi ya hidrojeni pamoja na moshi mzito unaokaba koo.

R-12 yenyewe, ukiipumua kidogo uwanjani, haitakudhuru papo hapo. Ndiyo maana fundi aliyekata mirija miaka 20 atakuambia hajawahi kuona tatizo. Mambo yanabadilika gesi ikikutana na moto. Fundi anayechomelea mrija kabla gesi haijakwisha, au anayekata bomba kwa mwali, anaigeuza kuwa tindikali zinazounguza mapafu. Ndani yake huweza kuwamo fosjini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Mafundi wa zamani wanaufahamu ule ukali unaochoma pua na kutoa machozi. Wengi huuchukulia kama adha ya kazi, kumbe ni onyo la mwisho.

Mafriji ya karibuni yamekuja na hatari ya namna nyingine. Mengi hutumia R-600a, ambayo ni isobutani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia. Haili ozoni na joto inaloongeza ni dogo sana, kwa hiyo kwa dunia ni nafuu. Kwa kijana mwenye mashine ya kukatia chuma inayorusha cheche, ni mlipuko unaomsubiri. Hakuna mama wa Mbagala atakayewasha kiberiti karibu na mtungi unaovuja. Friji lenye kibandiko cha R-600a na alama ya mwali wa moto linastahili hofu hiyo hiyo, ila kibandiko kipo nyuma, kimefunikwa na vumbi, na hakuna aliyemfundisha kijana kukisoma.

Maji ya manjano ya friji la mafuta ya taa

Kabla umeme haujafika vijijini, zahanati, maduka na nyumba za wenye uwezo zilikuwa na friji la mafuta ya taa. Halina mota. Mwali mdogo chini huchemsha amonia iliyoyeyushwa katika maji, na mzunguko wake pamoja na hidrojeni ndio unaoleta ubaridi. Mafriji haya yamekuwa yakitolewa stoo na kuuzwa kama chuma, kwani mabomba yake ni ya chuma kizito.

Bomba likikatwa, amonia inaruka kwa shinikizo. Harufu yake hainyamazi, na ikiingia machoni yaweza kupofusha. Angalau hiyo inajitangaza. Kilichojificha ni chumvi ya kromati, iliyotiwa ndani ya yale maji ili bomba lisiliwe na kutu. Hiyo ni kromiamu ya aina inayosababisha saratani, na dalili yake ni maji ya manjano au unga wa manjano uliogandia pale bomba linapovuja. Friji la namna hiyo halifai kukatwa uwanjani kabisa. Ukiuona unga huo, usiufute kwa kitambaa wala usiupulize. Liache zima, waweke watoto mbali nalo, utafute mtu mwenye ujuzi wa kemikali.

Chogo la TV

Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na Tanzania ikaongoza Afrika Mashariki kuhamia dijitali. TV za chogo hazikufa usiku ule. Ving'amuzi viliziongezea maisha. Kilichoziua ni TV bapa za bei nafuu zilizofuata, na leo machogo yamejaa nyuma ya milango na kwenye yadi.

Anayeifumua TV ya chogo anakwenda moja kwa moja kwenye koili ya shaba iliyovishwa shingoni mwa kioo. Njia ya haraka ni kuipiga shingo nyundo. Ndani ya kioo hamna hewa, kwa hiyo kinaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Kikishapasuka, unga mwembamba uliopakwa nyuma ya skrini, ule uliokuwa unawaka rangi, unabaki wazi. Una misombo ya zinki, na katika TV za zamani zaidi una kadimiamu, inayoharibu figo. Upepo mdogo tu unatosha kuupeperusha.

Kioo chenyewe kimechanganywa na risasi, iliyowekwa kukinga mionzi isimfikie mtazamaji. Ninasema risasi ya metali, si ya bunduki. TV moja kubwa inaweza kubeba zaidi ya kilo moja. Kioo kikiwa kizima, risasi imefungwa humo na haimdhuru anayekitazama. Kikisagika na kukaa jalalani miaka, kikinyeshewa na kuchanganyika na maji machachu ya takataka, risasi inaanza kutoka. Na kioo cha chogo hakina mnunuzi Mbagala. Kinaishia mtaroni, kwenye shimo la mchanga, au kinafukiwa kuziba dimbwi la njia.

TV bapa nazo zina lao. Zile za awali, kabla ya taa za LED, ziliangazwa kutoka nyuma na vijiti vyembamba vya kioo vyenye zebaki, sawa na tyubu za dukani na taa za kubana matumizi. Kila kijiti kina miligramu chache tu, lakini mvuke wa zebaki unapita mapafuni moja kwa moja na kuwahi ubongo.

Vidogo vyenye makubwa

Vipo pia vitu vidogo ambavyo mkono hautaraji. Kapasita za viyoyozi na taa za tyubu za miaka ya 1970 na kurudi nyuma ziliweza kujazwa mafuta ya PCB, sumu isiyooza inayojilimbikiza katika mafuta ya mwili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo umeweka mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuyateketeza mafuta haya kwa njia salama. Maikrowevu ina kapasita inayohifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa, na katika baadhi yake magnetroni ina kauri ya beriliamu, ambayo haitakiwi kuvunjwa wala kusagwa. Pasi na majiko ya umeme ya zamani huweza kuwa na asbesto ndani, ile ile ya mabati yanayong'olewa kwenye majengo ya zamani. Baadhi ya friza kongwe zina swichi ya zebaki kwenye kifuniko, inayowasha taa ukifungua.

Orodha hii haikusudiwi kumtisha mtu. Nimeileta kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mzani ungekulipa.

Moto wa jioni

Shaba ndiyo mfalme wa yadi, na njia nyepesi ya kuitoa ndani ya waya ni moto. Ganda la waya wa kawaida ni PVC, plastiki ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ghafi ni klorini. Ikiungua katika moto hafifu, huku shaba yenyewe ikichochea kemia, huzaliwa daioksini, miongoni mwa sumu kali zaidi ambazo binadamu amewahi kuzitengeneza bila kukusudia. Maganda ya TV na vifaa vingine nayo yana dawa za bromini za kuzuia moto, ambazo zikiunguzwa hutoa ndugu zake daioksini. Mara nyingi kipande cha tairi ndicho kichocheo cha moto wenyewe.

Daioksini hazikai angani. Zinatua kwenye majivu na udongo, kuku wanachakura hapo, na zinaingia kwenye yai. Huko Agbogbloshie, jijini Accra, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulipima mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula katika eneo la kuchomea nyaya. Ulibaini kwamba mtu mzima akila yai moja anazidisha mara 220 kiwango cha daioksini kinachovumilika kwa siku huko Ulaya. Mbagala si Agbogbloshie kwa ukubwa. Lakini kemia haina uraia, na kuku wa kienyeji wa Kibonde Maji anachakura kama wa Accra.

Inavyorudi nyumbani

Wengi hudhani hatari ni ya kijana wa yadi peke yake. Sumu hizi zina njia tatu za kurudi nyumbani, hata kwa yule aliyeuza friji lake na kusahau.

Ya kwanza ni nguo. Vumbi la risasi hukaa kwenye shati, nywele na kucha, na baba anayembeba mwanawe kabla ya kuoga anampa sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hunyonya risasi nyingi kuliko mtu mzima, na inaharibu akili ambayo bado inajengwa. Hana homa, halii, haumwi tumbo la kumpeleka zahanati. Anachelewa kusoma tu, na mwalimu anamwita mvivu.

Njia ya pili ni maji. Mbagala ni nchi ya mchanga na visima. Mafuta ya kompresa na majivu ya nyaya vinamwagwa juu ya mchanga huo huo unaochuja maji ya kisima cha jirani, na mvua za masika zinasukuma kilichobaki kuelekea Mto Mzinga na Mto Kizinga.

Ya tatu inaumiza zaidi, kwa sababu inapitia jikoni. Alumini ya vyuma chakavu huyeyushwa na kumiminwa kuwa sufuria nzito tunazozipenda kwa pilau. Kinachoingia kwenye tanuri hakichambuliwi. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia hofu. Kwa hiyo yule mama wa Charambe anaweza kuwa ameuza friji mwaka huu na kununua sehemu ya sumu yake mwaka ujao.

Mambo haya yakiachwa hufika pabaya. Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, watu walikuwa wakifumua betri za magari na kupepeta mchanga wenye risasi majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 kabla sababu haijafahamika. Karibu zaidi, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 ukutani mwa makazi ya watu. Phyllis Omido aliacha kazi kiwandani hapo baada ya mwanawe kukutwa na risasi kwenye damu, akasimama na wenzake hadi tanuri likafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Juu. Fedha zinaweza kulipwa. Akili ya mtoto hairudishwi.

Sheria ipo, mzani upo

Hatuna uhaba wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira kipo, na mwaka 2021 zilitoka kanuni mahususi za taka za umeme na elektroniki, zinazotaka wakusanyaji na wafumuaji wawe na vibali. Kimataifa, marekebisho ya Mkataba wa Basel yaliyoanza kutumika Januari 2025 yanadai ridhaa ya nchi inayopokea kabla taka za elektroniki za aina yoyote hazijavushwa mpaka. Hata hivyo ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaonyesha kwamba kati ya tani milioni 62 za taka hizi zilizozalishwa duniani mwaka 2022, ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Afrika haikufika hata asilimia moja.

Jibu la haraka la wakubwa ni kufunga yadi. Ninalipinga. Vijana hawa wanafanya kazi ambayo jiji lingeilipia mabilioni, wanarudisha chuma kiwandani kiwe nondo na wanapunguza mzigo wa dampo la Pugu Kinyamwezi. Ukiwafukuza uwanjani, watafumua chumbani, usiku, mlango umefungwa, watoto wamelala pembeni. Wakazi wa Mbagala hawahitaji kuhubiriwa kuhusu chuma chenye hatari ndani. Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala Kuu, watu walielewa mara moja kwamba kipande cha chuma kisichojulikana hakiguswi, kinaitiwa mwenye ujuzi. Walielewa kwa sababu hatari ilionekana, na kulikuwa na mtu wa kuitwa. Kwa friji, hatari haionekani, na wa kumwita hajulikani.

Hapo ndipo hoja ya bei inaporudi. Accra, kwa msaada wa fedha za Ujerumani, kilianzishwa kituo cha kununua nyaya kabla hazijachomwa, kikamlipa muuzaji ili moto ukose faida. Rwanda ina kiwanda cha kufumulia elektroniki huko Bugesera. Kenya, kwa sheria ya taka ya mwaka 2022, imeanza kumbana mwingizaji wa bidhaa abebe gharama ya mwisho wake. Wazo ni moja: aliyepata faida friji likiwa jipya achangie siku linapokufa, na mchango huo umfikie kijana wa guta mkononi, kama bei.

Temeke ina pa kuanzia. Chuo cha VETA kipo Chang'ombe, na mafundi friji wenye mafunzo wapo. Mashine ya kunyonya gesi na mtungi wake vinaweza kuwekwa penye yadi nyingi, na kila friji linaloletwa na mrija usiokatwa likalipiwa nyongeza. Chogo zima liwe na bei, hata ndogo, ili shingo isivunjwe. Shaba ya kuchuna kwa kisu tayari hupendwa kuliko iliyoungua. Tofauti hiyo ikuzwe na mashine za kuchuna zikopeshwe kwa vikundi.

Yapo pia yasiyosubiri bajeti. Usikate mrija ndani ya chumba, wala karibu na jiko au cheche. Soma kibandiko kwanza. Mafuta ya kompresa yakingiwe kwenye dumu. Povu lisichomwe. Nguo za yadi zibaki yadi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula, kwa kuwa risasi nyingi huingia kwa mdomo. Kuku na watoto wasifike penye majivu. Na wewe unayeuza, mwambie mnunuzi unachokijua: friji hili ni la mwaka gani, liliwahi kujazwa gesi lini.

Namrudia mama wa Charambe mlangoni pake. Hatuhitaji kijana awe mkemia. Tunahitaji siku moja, kabla hajauliza mota, aulize: "Mama, gesi bado ipo?" Aulize hivyo kwa sababu ikiwapo, naye akaifikisha ikiwa imefungwa, ataongezewa hela. Siku hiyo gesi itakuwa kitu, na mtoto wa kichochoro kile atavuta hewa ambayo mtu ameilipia ibaki safi.